Amplifaya Aliyoiacha Slava

Kazi yangu ni kufunga redio za magari, na kwa miaka ishirini na sita makasha ya amplifaya yamenidanganya kuliko binadamu walivyonidanganya. Kwa hiyo Profir Guțan alipoingia gereji wiki mbili kabla ya Pasaka, amekumbatia kasha lenye picha ya moto na maandishi makubwa ya wati elfu tatu, nilimwambia alirudishe alikolitoa.

"Hata hujaangalia ndani, Fundi," akasema.

"Fungua basi, tusome fyuzi."

Ilikuwa fyuzi moja ya amperi kumi na tano. Nikampigia hesabu ukutani kwa chaki: umeme wa gari ni volti kumi na mbili na ushei, zidisha mara kumi na tano, unapata kama wati mia na themanini zinazoingia, na karibu nusu ya hizo zinaishia kuwa joto. Fyuzi haiuzi kitu, ndiyo maana naiamini. Profir aliisoma ile hesabu polepole kutoka juu hadi chini.

"Sasa hizo elfu tatu ziko wapi?"

"Kwenye wino."

Profir ndiye anayeendesha gari la mkate hapa kijijini kwetu Valea Teiului. Ana miaka hamsini na minne na upole wa kuudhi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Gari lake mwenyewe ni Opel ya kijivu iliyozeeka, na spika za milangoni zilikuwa zimechanika karatasi zake tangu zamani. Nilishangaa mtu kama huyo anataka amplifaya ya nini. Wateja wangu ni vijana wanaotaka besi ya kutikisa madirisha ya kanisa.

Mimi simfungii mtu kitu kabla hajaniambia atasikiliza nini. Nilipomuuliza, masikio yalimwiva kwa aibu. Akatoa simu, akabonyeza, ikatoka sauti ya mwanamke, nyembamba, inakwaruza: "Profir, ni mimi. Umekula?"

Alikuwa Zinaida, mkewe. Ana miaka saba sasa huko Padova, anamhudumia bibi wa Kiitaliano asiyetoka kitandani. Kila jioni humrekodia mumewe ujumbe wa dakika mbili tatu: bibi amekula vijiko vingapi, mvua imenyesha au haikunyesha, mizabibu ya nyumbani imeshafungwa kwenye waya au bado. Profir hajafuta hata mmoja. Huwa anausikiliza asubuhi akiwa ndani ya Opel, kabla hajaenda kuchukua gari la mkate.

"Nataka nimsikie kama vile amekaa hapa," akasema, akaonyesha kiti cha abiria kwa kidole. "Siyo kwa kelele, Fundi. Nimsikie kila kitu chake."

Nilitaka kumtania nikashindwa. Maana nusu ya kijiji hiki tunaishi hivyo, tumeoana na simu.

Pesa yake yote ilikuwa lei elfu moja na mia mbili, basi. Nikamweleza kwamba sauti ya mtu haihitaji wati nyingi, inahitaji wati safi. Mpya ya kweli, ndogo, ya njia nne za spika, inaanzia lei elfu mbili. Kwa pesa yake ilibaki kubahatisha mtumba, na Jumamosi tukaenda mji mkuu, Chișinău, kwenye soko la vipuri. Nikamfundisha: kwanza ibebe. Ukiweza kuibeba kwa mkono mmoja huku unapiga mluzi, irudishe mezani. Ya zamani nzuri ina mifupa ya alumini na koili za shaba, inakuvuta bega.

Tulizunguka meza kumi na moja. Kwenye moja muuzaji mwenye jino la dhahabu alimwekea Profir kitu kinachong'aa kama kaango jipya.

"Hii mzee wangu, ukiiwasha jirani anahama."

"Jirani yangu sina ugomvi naye," Profir akajibu kwa adabu.

Nikaichukua mimi. Nyepesi. Nikaitikisa, kikasikika kitu kinacheza ndani. "Na huyu anayebisha hodi humu ndani ni nani?" nikamuuliza yule bwana, naye akanishauri niende nikalale. Tulirudi mikono mitupu. Njiani Profir hakulalamika, alisema tu kwamba si kitu, Zinaida mwenyewe anakuja baada ya Pasaka, amplifaya inaweza kusubiri.

Siku tatu baadaye Zinaida akatuma ujumbe kwamba haji. Bibi amezidiwa, watoto wa bibi wamemsihi, atakuja vuli, na vuli hiyo atarudi moja kwa moja, asiondoke tena. Hiyo vuli ya kurudi moja kwa moja naifahamu. Imeahidiwa tangu mwaka wa pili. Profir alikuja kuniambia habari hiyo huku ameshika mkate wa moto ambao sikuuagiza. "Nitafutie hata ya kukopa," akasema. "Miezi sita ni mingi."

Ikafika Pasaka ya Wafu, juma moja baada ya ile ya walio hai. Siku hiyo hakuna anayebaki nyumbani. Sote tuko mlimani makaburini, vitambaa vimetandikwa, mayai mekundu, divai, kabeji zilizoviringwa kwa wali na nyama. Kila familia inagawa vitu kwa jina la marehemu wake, kikombe na taulo na mshumaa, na anayepewa hakatai. Anasema "Mungu amsamehe," anapokea. Kinachotolewa pale, tunaamini, marehemu ndiye anayekifaidi wa kwanza huko aliko.

Mama Axenia alimwita Profir kwenye kaburi la mwanawe. Slava alifia Moscow kwenye kazi za ujenzi, miaka minane sasa, hana mke wala mtoto aliyemwacha. Sote tulitegemea kikombe. Mama Axenia akainua kwa mikono miwili kitu kilichofungwa kwenye taulo la maua, mshumaa umefungiwa juu, na Profir alipokipokea kidogo kimwangushe.

"Ni ya gari la Slava," mama akasema. "Nimesikia kwenye foleni ya mkate kwamba unatafuta."

"Mungu amsamehe," Profir akasema.

Nilifunua kona ya taulo. Fyuzi mbili za thelathini. Mifupa ya alumini, mikwaruzo miwili, hakuna zaidi. Nilimfungia Slava mwenyewe kifaa hicho, nami nikajisikia vibaya kwa kuwa nilikisahau. Jumanne nikakifunga kwenye Opel, nikamtolea Profir na spika nne za milangoni kutoka rafu yangu, na redio inayoshika simu. Hakuwa na sababu tena ya kungoja.

Lakini ujumbe wa Zinaida hakuupiga. Alipiga nyimbo. Jumatano nyimbo, Alhamisi nyimbo, kijiji kizima kinamgeukia mpole wa mkate anavyopita na zumari na fidla. Na Alhamisi asubuhi nilimkuta amesimamisha gari kando ya kisima, redio imezimwa, simu ameigandamiza sikioni kama zamani.

"Wewe una wazimu?" nikamuuliza. "Nimekunja mgongo siku nzima kwa ajili gani?"

Akanitazama kwa aibu. "Hiki ni cha marehemu, Fundi. Kinachopita humo anakipokea Slava kwanza. Nimtie humo Zinaida, naye yuko hai? Si nitakuwa mimi mwenyewe nimemtanguliza kwa wafu?"

Nilicheka. Nikamwambia umeme haujui nani amekufa. Ila nilicheka zaidi ya ilivyofaa, kwa sababu kitu kilinipita mgongoni, na kama ningekuwa mimi nisingethubutu pia. Kuuza kitu ulichopewa kaburini haiwezekani, kukitupa ndiyo kabisa. Maskini Profir alikuwa amepata alichokitaka na hawezi kukigusa.

Sijui nani alimpelekea Mama Axenia habari. Ijumaa alitokea gereji kwangu, ameshika fimbo, kitambaa cheusi kichwani, wakati Profir yupo kwa ajili ya waya mmoja uliolegea.

"Nasikia unampigia mwanangu muziki wa harusi kutwa nzima," akamwambia.

"Ni kwa heshima yake, Mama."

"Slava ana miaka minane hajaitwa na mwanamke aje kula. Mpigie mkeo. Kama kuna anayedhurika, nitajibu mimi, nakaribia kwenda huko kuliko ninyi." Akafungua mlango wa abiria, akaketi, fimbo katikati ya magoti. "Haya. Nami nisikie."

Profir akaingia upande wa usukani, mimi nyuma na bisibisi yangu mkononi. Akachagua ujumbe wa jana yake. Akabonyeza.

Zinaida akawa mle ndani. Siwezi kusema vingine. Nimefunga mashine mamia, sijawahi kusikia mtu amekaa garini namna ile. "Profir, ni mimi. Umekula?" Kijiko kiligonga sahani. Nyuma yake bibi alikuwa anapumua kwa shida, na saa ya ukutani ikigonga. "Leo amekula vijiko vitatu. Huku jua limetoka. Mizabibu umeshaifunga? Funga kabla majani hayajatoka." Kisha kimya kidogo, ambacho kwenye simu kilikuwa kimya kweli. Humu hakikuwa kimya. Kilikuwa pumzi iliyokatika, ikavutwa tena, ikamezwa. "Mimi mzima. Mzima kabisa, usiwe na wasiwasi."

Profir akarudi kwenye ujumbe wa juzi. Pale pale, kabla ya "mzima," ile pumzi. Akarudi wa mwezi uliopita. Ipo. Wa Krismasi. Ipo, na ndefu zaidi.

"Anaikaba," Mama Axenia akasema. "Analia, anaikaba, halafu ndiyo anakwambia mzima."

"Kwenye simu haikuwa inasikika," Profir akasema. "Mama, naapa, nimesikiliza kila siku. Kila siku ya Mungu."

"Najua." Mama Axenia hakumtazama, alitazama mbele kwenye kioo. "Slava naye alinipigia kutoka Moscow, akaniambia mzima. Nilisikia mkwaruzo. Nikamwambia, mwanangu, simu yako mbovu, nunua nyingine. Kilikuwa kifua chake, ndicho kilichomuua. Nilikisikiliza wiki mbili nikidhani ni simu."

Mimi nina binti Dublin. Naye ni mzima, kila Jumapili anaponipigia. Nilikaa pale nyuma, bisibisi imenichoma kiganja, nikatamani mtu azime ile redio na nikatamani asiizime.

Profir hakuizima. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuomba radhi wala ruhusa. Alimpigia mkewe pale pale, saa ambazo Zinaida humkanya asipige kwa sababu bibi analala. Mlio ukaita kwenye milango yote minne.

"Profir? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna. Basi la kuleta vifurushi huko linaondoka Jumapili, nakuja nalo."

"Unakuja wapi?"

"Hapo kwako. Gari la mkate ataendesha Fundi." Hakuwa ameniuliza. "Nitakusaidia kufunga mizigo, tutarudi sote wiki ijayo."

"Wewe, nilishakwambia vuli. Mimi niko…"

"Usiniambie mzima, Zina. Nimekusikia."

Pumzi ikakatika. Tukaisikia ikivutwa, tukangoja imezwe, sote watatu, mimi nimebana meno. Haikumezwa. Ilimtoka nzima, kilio cha mtu mzima aliyekikalia miaka saba, na spika zangu zikakitoa chote bila kupunguza. Mama Axenia akafungua mlango wake, akanipa ishara kwa fimbo nimfuate, tukawaachia gari.