Siku Leokadia Alipokataa Kunipa Mkono

Kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani, mwanangu, hata sasa ambapo nasahau nilikoweka miwani yangu. Nilikuwa ndani ya ziwa, maji yamenifika shingoni, mbali na ufukwe, nimeng'ang'ania mtumbwi uliopinduka. Mke wangu alikuwa karibu kiasi cha kusikia ninavyohema. Alikaa katika mtumbwi wake, kasia magotini, ananitazama. Nikamnyooshea mkono. Hakuja.

Nitakusimulia ilivyokuwa, maana wewe ndiyo kwanza unaanza maisha katikati ya watu wanaokupenda, na iko siku utawaelewa vibaya kama nilivyomwelewa mimi yule mwanamke.

Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, tena wa kule ndani, kwenye pamba na ng'ombe. Maji niliyoyajua utotoni yalikuwa ya lambo, ambamo mifugo walikunywa na sisi wachungaji tukanawa miguu. Kuogelea sikujua, wala sikuona sababu ya kujua. Ujana wangu ulipoanza kuchemka nilikwenda Bugarama kuchimba dhahabu, nikaona kazi ya kushuka shimoni si yangu, nikaanza kuchuuza mbuzi kwenye minada mpaka Buseresere. Pale sokoni ndipo nilipomkuta Leokadia, binti wa Kizinza, akiuza sangara wa kubanika. Nilimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Akanijibu kwa Kiswahili kwamba salamu hiyo anaijua, ila bei ya samaki ni ileile.

Tulipooana nilihamia kwao, kijiji kidogo kando ya ziwa. Mama yake alikuwa mjane na hakuwa na mtu mwingine. Kwetu mwanamume kuhamia ukweni ni jambo la kuchekwa, na nilichekwa vya kutosha. Nilijua tu kwamba baba mkwe wangu alifia ziwani. Sikuuliza zaidi. Nilidhani ilikuwa dhoruba, na niliona si adabu kuchimbua msiba wa wakwe.

Sasa, Leokadia alikuwa mvuvi. Wanawake wengine wa pale walinunua samaki na kuwabanika, na wanaume ndio walioingia majini na mitumbwi mikubwa ya nyavu. Yeye alikuwa ameachiwa na baba yake mitumbwi miwili midogo, kila mmoja wa kukaa mtu mmoja tu, myembamba na myepesi. Siku hizi naona vijana wakija na vitu vya plastiki viitwavyo kayaki, wanapita navyo hapa wakitafuta sangara, na watu wanashangaa. Mimi sishangai. Ukaaji ni uleule, miguu mbele na maji kila upande.

Alivua kwa mshipi. Alimtunga furu, samaki mdogo wa chambo, akiwa hai, kwenye ndoano, akauachia mshipi nyuma na kupiga kasia taratibu kando ya miamba, hadi sangara aje. Sangara ni samaki mzito na mwenye nguvu. Akishika, mtumbwi wa namna ile unavutwa kama mkokoteni. Niliona anavyorudi na samaki mkubwa amelala katikati ya magoti yake, nikamwambia, "Nifundishe."

"Nitakufundisha," akasema.

Nilidhani ataanza na ndoano. Alinipeleka kwenye maji ya kifuani, akanifunga dumu tupu mgongoni kwa kamba ili nisizame, akanikalisha mtumbwini, kisha akaupindua. Nilikunywa maji, nikakohoa, nikasimama. Akaninyanyua tena, akaupindua tena. Asubuhi ile hatukufanya kingine chochote, na kesho yake vilevile.

Kurudi kwenye mtumbwi mwembamba si jambo la nguvu, na mimi nilikuwa na nguvu tu. Nilikuwa nadandia ubavu kama mtu anayeparamia ukuta, nao ukanilalia. Leokadia alinionyesha njia: kwanza ugeuze mtumbwi ukae sawa, uutikise maji yapungue, kisha ulale juu ya maji na kupiga miguu mpaka mwili unyooke, ndipo uvute kifua kupita juu, tumbo likae katikati, ukae hivyo kwanza utulie. Baada ya hapo ndipo ugeuke kidogo kidogo na kuketi. Ukiharakisha kuketi, umerudi majini.

Wavuvi wakipita walimwuliza, "Leokadia, unamwogesha mumeo?" Naye aliitikia kwamba ndiyo, alinipata mchafu. Walicheka. Mimi sikucheka.

"Lini nitashika mshipi?" nikamwuliza siku moja.

"Ukiweza kurudi bila kunitazama."

Basi nilijifunza. Tulihamia maji yasiyofikika chini kwa miguu, nikapinduliwa huko pia, mpaka ikafika siku nilirudi mtumbwini yeye amenipa mgongo anachambua furu. Hapo akanipa mshipi. Akaniambia nisiuzungushe mkononi wala nisiufunge kwenye mtumbwi, samaki akitaka kwenda nimwache aende, na nisiegemee upande aliko.

Asubuhi ninayoikumbuka tulitoka pamoja, kila mtu na mtumbwi wake. Ziwa lilikuwa limetulia. Tulipita kwenye miamba, yeye mbele, na kabla jua halijapanda mshipi wangu ukakakamaa. Nikahisi uzito ambao sijawahi kuuhisi mkononi. Mtumbwi ukaanza kwenda wenyewe. Nikacheka kwa sauti, mwanangu, kama mtoto. Samaki alivuta, nikampa mshipi, akachoka, nikamrudisha, akavuta tena. Mwishowe nikamwona, ubavu wake unang'aa chini ya maji, mkubwa kuliko nilivyodhani. Nikajisogeza kumfikia. Akakata kona akapita chini ya mtumbwi, nami nilikuwa nimeinama upande uleule. Nikaenda majini.

Maji ya pale hayakuwa na chini. Nilipoibuka, mtumbwi ulikuwa umegeuka tumbo juu na samaki alikuwa ameondoka na mshipi wote. Dumu lilikuwa mgongoni kwangu na lilinishikilia vizuri, lakini nani alikumbuka dumu? Kila nilichofundishwa kilinitoka. Nilimwona Leokadia anakuja mbio, nikashukuru. Kisha nikaona anasimamisha mtumbwi.

"Leokadia, nipe mkono."

"Masanja, geuza mtumbwi."

"Nakufa. Nipe mkono."

"Hufi. Usinitazame mimi. Tazama mtumbwi."

Nikauachia mtumbwi nikaanza kujitupatupa kuelekea kwake. Akapiga kasia kurudi nyuma. Nilimwona kwa macho yangu, mke wangu, anarudi nyuma kila nilipomsogelea. Niliona nimeoa mtu nisiyemjua.

Sauti yake haikupanda. Aliendelea kuniambia, kama anavyomwambia mtu amsogezee chumvi: geuza mtumbwi, utikise, lala juu ya maji, piga miguu. Hasira ndiyo iliyonirudisha. Niligeuka nikaushika mtumbwi kwa kuwa sikutaka kumwona. Nikaugeuza. Nikautikisa. Mara ya kwanza ulinilalia, nikarudia, nikajikuta nimelala tumbo juu yake, shavu kwenye mbao, nahema. Nilitulia hivyo muda mrefu. Kisha nikageuka nikaketi. Kasia langu lilikuwa linaelea. Akalisukuma kwangu kwa ncha ya kasia lake, bado kwa mbali.

Tulirudi ufukweni. Nilipofika nyumbani nilivua dumu, nikalitupa, nikaanza kukusanya nguo zangu. Nilikuwa nakwenda zangu Shinyanga.

Mama mkwe wangu alikuwa nje, anatandaza mihogo. Kati yetu kulikuwa na heshima kubwa. Mimi nilimpa shikamoo yangu asubuhi na yeye akaitikia marahaba, na mara nyingi maongezi yaliishia hapo. Siku ile aliingia mpaka kizingitini.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kwetu, mama. Binti yako ameniona nazama akakaa."

Hakushangaa. Akasema, "Hasira yako naifurahia, baba. Mtu aliyezama hakasiriki." Kisha akakaa chini pale mlangoni, akanieleza.

Haikuwa dhoruba. Leokadia alikuwa na kaka yake, naye alikuwa anajifunza kuvua kwa mtumbwi mdogo kama mimi. Siku moja sangara alimwangusha, hapo hapo karibu, siku ya maji matulivu. Baba yao alikuwa kwenye mtumbwi wa pili. Alikwenda moja kwa moja akampa mkono. Kijana alikuwa na hofu, akamvuta baba yake, mtumbwi nao ukapinduka, akamkumbatia shingoni. Baba alijua kuogelea vizuri kuliko mtu yeyote pale kijijini. Hakuweza kujinasua kutoka kwenye mikono ya mwanawe, na labda hakutaka. Wakazama wote wawili. Leokadia alikuwa ufukweni, anawasubiri na beseni la samaki.

"Hakuna mtu aliyemfundisha hayo anayokufundisha," mama akasema. "Alijifunza peke yake baadaye, akijipindua mwenyewe, akirudi. Mimi nilikaa pale ufukweni nikimtazama kila siku, nikijua sitaweza kumfikia. Kwa hiyo najua leo alikuwa katika hali gani, akikutazama. Kabla hujaondoka, nenda ukamwangalie mikono."

Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Niliinama nikamshika viganja. Kucha zake zilikuwa zimemchoma viganja mpaka damu, kwa jinsi alivyokuwa amelikaba lile kasia.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ungeogopa maji, usingejifunza."

"Na kama ningeshindwa?"

Akasema, "Ningekuja. Nilikuwa karibu kuja tangu uliponiita. Hilo ndilo nililoliogopa."

Nilikaa chini kando yake. Nguo zangu zilibaki kitandani mpaka jioni, akazikunja yeye.

Siku si nyingi baadaye nilimpata sangara wangu. Nilimwacha avute, nikakaa wima, nikasubiri mpaka alipolala ubavu mwenyewe. Mama mkwe alichemsha kichwa cha samaki yule mchuzi, akanipa mimi kipande cha shavuni, na tangu siku hiyo maongezi yetu hayakuishia kwenye shikamoo tena.

Tulizaa, tukalea. Kijana wetu wa mwisho alipofungua duka Runzewe likamfia mikononi, nilitaka kupanda gari siku hiyohiyo nikamrudishe nyumbani. Leokadia akanishika shati. Alimpigia simu kila jioni, akamwuliza amekula nini na kesho ataanza wapi. Hakumwambia arudi, wala hakumwambia ameharibu. Kijana alisimama tena, polepole, na leo anajua kwamba alisimama mwenyewe.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukitaka kujifunza jambo lolote kubwa, iwe uvuvi, biashara au ndoa, jifunze kwanza namna ya kurudi ukianguka, tena ujifunze wakati maji yanafika kifuani na mtu wa kukucheka yupo. Usimkasirikie anayekukawiza hapo. Na ukiwa umeanguka, usimrukie shingoni yule anayekupenda. Msikilize anavyokuambia, ufanye. Na zamu yako ikifika, umwone mwenzako anahangaika, usikimbie kumbeba kwa sababu tu moyo wako hauvumilii kutazama. Kaa karibu. Ongea naye kwa sauti ya kawaida. Usiondoke mpaka ameketi. Kazi hiyo inaumiza zaidi kuliko kutoa mkono, na watu wachache watakushukuru siku hiyohiyo.

Usimhukumu mtu kwa namna alivyokutazama, kabla hujamwangalia mikono.

Nakuombea, mwanangu, siku utakayoanguka asikosekane mtu wa kukaa karibu nawe, na wewe Mungu akupe moyo wa kukaa karibu na wenzako. Akulinde ukienda, akulinde ukirudi, na nyumba yako isikose mtu wa kukuuliza umekula nini.