Ile Namba ya Boksi Ilikuwa na Mwenyewe

Simu ilinipata nimeshika kijiko. Namba siijui. Sauti ya mwanamke, ya chini, kama mtu amejificha mahali, ikaniuliza:

"Mtoto ameshakunywa?"

Wamama wenzangu, nilishtuka. Waliojua mtoto wangu anapewa dawa ni mzee wangu, baba ya mtoto, na jirani tu, na wote walikuwa wamesimama hapo mbele yangu.

Wacha nianze vizuri, kwa sababu hii naiandika ili na wewe ujichunge.

Ilikuwa 2009, tukikaa ploti moja huko Riruta. Shiru wangu alikuwa mdogo bado. Kifua kilimbana mpaka akawa anapumua na mlio. Kliniki wakaniandikia dawa ya unga, ile unachanganya na maji yaliyochemshwa. Nikaifuata tao, katikati ya jiji, huko bei iko chini.

Siku hizo dawa hiyo ilikuwa imewekewa kitu kipya. Kwa boksi kulikuwa na kipande cha rangi ya fedha. Unakwangua kama kadi ya kredo ya simu, unapata namba, unaituma kwa meseji, na kampuni inakujibu kama dawa ni yao ama ni feki.

Jamaa wa kemisti alikuwa mchangamfu sana.

"Mathe, usijisumbue. Nimeshakukwangulia."

Akanionyesha simu yake. DAWA HALALI. Nikamshukuru hata. Si unajua vile tumezoea, hata kredo muuzaji anakukwangulia, anakuwekea, unaenda zako.

Nyumbani nikampata Peres, jirani yangu, ameketi na Shiru. Peres si mtu wa kudanganywa.

"Hiyo ni simu yake," akasema. "Yako imesema nini?"

"Itasema hivyo hivyo."

"Basi iulize tusikie."

Nikatuma. Jibu likarudi: NAMBA HII ILISHAULIZWA. USITUMIE DAWA HII.

Kibe, mzee wangu, akacheka kidogo. "Si yule jamaa ameiuliza leo? Lazima iseme imeulizwa. Mpe mtoto dawa, Mama Shiru. Hebu msikie kifua."

Nikaona ni ukweli. Na kifua nilikuwa nakisikia, kila pumzi ilikuwa inanikata mimi. Nikachemsha maji, nikayapoza, nikachanganya, nikajaza kijiko.

Ndio simu ikalia.

"Mtoto ameshakunywa?"

"Bado. Wewe ni nani?"

"Weka kijiko chini. Shika boksi. Kile kifuniko cha juu, kigeuze uangalie ndani. Kuna mistari ya biro?"

Nikageuza. Iko.

Mistari midogo imesimama kwa safu, vile mama hujiwekea alama kila akimpa mtoto dawa, asije akasahau akampa mara mbili. Hata mimi huweka. Lakini hii sikuwa nimeiweka mimi, na boksi niliuziwa kama mpya.

Safu ilianza vizuri. Halafu ikakatika.

"Iko," nikasema.

"Hiyo ni mikono yangu. Nilikuwa nachora kila nikimpa dawa Sifuna, kijana wangu."

Na mimi, akili imeruka, nikamuuliza, "Anaendelea aje?"

Akarudi kwa boksi.

"Boksi nilitupa na vitu vyake vyote, kwa pipa la takataka huko mtaa wa Jamhuri. Dawa yangu ilikuwa ya kweli, mama. Niliuliza ikasema halali, na bado mtoto akaenda. Lakini hiyo wamejaza sasa, hiyo siijui. Mpeleke mtoto hospitali saa hii."

Akakata.

Nikaangalia chupa. Unga ulikuwa umezama chini wote, mweupe kama chokaa, maji yamebaki juu peke yake. Kibe alikuwa tayari amembeba Shiru.

Hospitali walimdunga sindano, wakamweka kwa oksijeni. Akapona. Mungu ni mwema.

Lakini ile boksi haikuniacha. Namba yangu huyo mama aliitoa wapi? Nikimpigia, simu imezimwa. Peres akaniambia, "Labda ni yule mtoto wake anatafuta kitu yake." Alisema kama mzaha, lakini hakucheka. Kuanzia hapo, kila nikimpa Shiru dawa ya hospitali, nilikuwa nahisi kuna mtu mwingine nyumbani anahesabu na mimi.

Nikaamua kuipeleka kwa ofisi ya kampuni, huko tao. Asubuhi hiyo nilikata kifuniko kwanza nikakiweka kwa mkoba. Sikutaka wageni washikeshike mistari ya mama wa watu.

Bwana mmoja amevaa tai akanisikiza, halafu akakunja uso. "Nani alikupigia? Hapa ni kompyuta inajibu. Namba za wateja hazifunguliwi na mtu. Anayefungua anafutwa kazi."

Nyuma ya kioo kulikuwa na mama anapokea malalamiko. Beji yake imeandikwa Nakhumicha. Vidole vyake vikasimama juu ya kibodi.

"Mtoto," akaniuliza bila kuinua macho, "anaitwa nani?"

Ile sauti.

Hapo nikaelewa. Namba ya boksi ya kijana wake alikuwa anaijua kwa kichwa. Akaiona kwa kompyuta, inaulizwa tena, akafungua namba yangu. Ile DAWA HALALI ya jamaa wa kemisti ilikuwa ya boksi lingine.

"Anaitwa Shiru," nikamwambia. "Hakukunywa. Amepona."

Bwana wa tai alikuwa bado ananingojea.

"Hakuna mtu alinipigia," nikasema. "Nilisoma meseji nikaogopa."

Akageuza boksi. "Mbona kifuniko kimekatwa?"

"Watoto," nikasema.

Alipoondoka nayo, nikapitisha kile kifuniko chini ya kioo. Nakhumicha akakifunika kwa kiganja, akakaa hivyo kidogo.

"Anayefuata," akaita.

Wamama, kwangua mwenyewe, na simu yako mwenyewe. Ikikuambia usitumie, usikubali mtu akueleze kwa nini utumie.

Na dawa ikiisha, chana boksi vipande vipande kabla ya kutupa. Chana hata kama mtoto alipona. Kama hakupona, mwite jirani akuchanie.