Mlango Nilioung'oa kwa Mwinyi Kasemba

Sikuenda Kabambare kwa sababu ya Mungu. Nasema hivyo mapema, ili wajukuu zangu na watu wa kanisa watakaosoma haya wasinipambe. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua kusoma. Pale misheni, Kasongo, zamani za Wabelgiji, wavulana waliingia darasani, na sisi wasichana tuliketi nyuma ya jiko kumenya mihogo na kushona pindo. Niliwasikia wakiimba ba, be, bi, bo, bu dirishani, mikono yangu ikinuka mihogo. Niliichukia ile mihogo.

Basi akafika Mamuzeli. Ndivyo tulivyomwita. Alikuwa msichana mzungu, hajaolewa, mwembamba, pua imebabuka na jua. Wakubwa wa dini kwao walimtuma kufundisha wanawake, na Mkubwa wa misheni yetu akampangia kijiji cha Mwinyi Kasemba, ng'ambo ya mto Luama, ukishapita Kabambare. Alitafuta msichana wa kumpikia na kukaa naye. Nikamwendea mimi mwenyewe.

"Nitapika, lakini kila siku utanifundisha kitabu," nikamwambia.

Akacheka, akanipa mkono.

Mkubwa alitupa miezi mitatu. Akija asipokuta wanawake darasani, kituo kinafungwa, Mamuzeli anarudi Kasongo kuandika barua za ofisi, na mimi narudi kwenye mihogo. Akaongeza sheria za afya, akizihesabu kwa vidole: chakula cha kijijini tusile, maji tuchemshe, na wakati wa kula tufunge mlango, inzi wasiingie.

Tuliondoka Kasongo saa kumi na mbili asubuhi, juu ya kamio, lori la misheni, tumekalia masanduku ya mikebe ya chakula na ubao mweusi. Karatasi yangu ya njia ilikuwa kifuani. Siku zile mtu mweusi hakutoka katika uchifu wake bila karatasi, na yangu ilikuwa na sahihi ya Mkubwa chini.

Kamio ilituacha Lusangi jioni. Mke wa mwalimu wa pale alitupokea vizuri sana. Akaleta bugali ya moto na samaki wa kukausha katika mawese. Mamuzeli akasema asante, akaingia chumbani na mkebe wake, akafunga mlango. Mwenye nyumba akabaki na sahani mkononi.

"Hakuli?"

"Iko na chakula yake," nikasema.

Akanitazama kidogo, akaondoa sahani. Ningeelewa pale pale. Sikutaka kuelewa. Nilikuwa na sandali mpya, nilikuwa mtu wa misheni.

Toka Lusangi tulikwenda kwa miguu, siku tatu. Mamuzeli alipewa kipoyi, kile kiti cha kubebwa na watu wanne. Alikaa ndani asubuhi moja, kikamtapisha kama mashua, akashuka na hakupanda tena. Wengine husimulia kwamba alishuka kwa huruma. Mimi nilikuwapo. Alishuka kwa kutapika. Pande zote mbili za njia ilikuwa pamba, ile pamba ya kulazimishwa, na wanawake wameinama ndani yake, watoto mgongoni. Tulisalimia. Waliitika bila kuinuka.

Luama tuliivuka kwa mtumbwi, mchana, maji yamejaa. Mwenye mtumbwi alimtazama Mamuzeli alivyoshika kingo kwa mikono miwili.

"Huyu muzungu anaogopa maji?"

"Anaogopa weye na mutumbwi yako inayovuja," nikamwambia.

"Basi akili iko nayo," akasema, akaanza kuchota maji kwa kibuyu huku anacheka.

Kwa Mwinyi Kasemba tulifika saa tisa. Chifu alivaa kanzu na kofia, akatupa nyumba ya udongo karibu na uwanja, yenye mlango wa matete uliofungwa kwa kamba kwenye nguzo. Mke wake mkubwa aliitwa Mama Zaina. Alikuwa mwanamke wa Kiislamu, mnene, sauti yake inafika mtoni. Siku ile ile alituletea sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, na bugali. Mamuzeli akasema asante.

Maisha yetu yalikuwa hivi. Alfajiri nateka maji, nayachemsha, nayachuja. Mamuzeli anasali, kisha anagonga kipande cha chuma kuita wanawake, anaandika ubaoni, anangoja. Wiki ya kwanza walikuja watatu. Wiki ya pili hakuja mtu. Tukipita njiani, mama mmoja anamvuta mtoto wake ndani, na mwingine naye vilevile. Mchana tunafunga mlango, tunafungua mkebe, tunakula kimya. Baada ya hapo ndipo nilipata somo langu, na kila siku nilijua herufi mbili zaidi, na kila siku nilihesabu miezi.

Na sombe ya Mama Zaina ilikuja kila siku. Nilikatazwa kuila. Niliimwaga nyuma ya nyumba, kuku wakala.

Mwezi ulipoisha nilimkuta Mama Zaina mtoni na wenzake, wanafua. Alisema bila kuinua kichwa:

"Feza, kuku wangu wananenepa sana siku hizi."

Wanawake wakacheka. Hakikuwa kicheko kizuri.

"Munakula nini mule ndani?"

"Ya mikebe, Mama. Samaki."

"Mutu anafunga mulango juu ya samaki?" Sasa alinyoosha mgongo. "Unajua watu wanasema nini? Wanasema ni nyama ya batumbula."

Nilijua. Habari hiyo ilizunguka kila mahali siku zile, kwamba kuna watu, batumbula, wanaokamata wenzao na kuwapeleka kwa wazungu, wakatiwe mikebeni. Watoto wote wa Kasongo tulitishwa nayo. Nami nilifungua mikebe kila mchana nyuma ya mlango uliofungwa, katika kijiji cha watu wenye watoto.

"Ule muzungu simulaumu," akasema Mama Zaina, "hajui kitu. Lakini weye ulinyonya ziwa la mama mweusi. Ulijua, ukafunga."

Nikarudi na ndoo tupu, nikamweleza Mamuzeli yote. Kwanza alilia. Halafu akakasirika, akasema Mkubwa ameagiza, afya, inzi.

"Mukubwa iko Kasongo," nikamwambia. "Sisi tuko hapa."

Siku iliyofuata, jua likiwa kichwani, tulitoa sanduku la mikebe katikati ya uwanja. Nikatandika mkeka. Nikaita kwa sauti kama anayetangaza msiba. Walikuja, wakasimama mbali. Nikafungua mkebe mmoja mbele ya macho yao, nikala wa kwanza, na Mamuzeli akala. Mama Zaina akasogea, akanusa, akanyanyua samaki mmoja kwa vidole viwili, mafuta yanadondoka.

"Kichwa yake iko wapi?"

"Walikata."

"Walikata kichwa? Pale penye utamu?" Akageukia wenzake. "Jamani, hawa si walozi. Hawa ni wajinga!"

Uwanja mzima ukacheka, na hiki kilikuwa kicheko kingine. Akamtia yule samaki mdomoni, akatafuna, akakunja uso, akameza kwa adabu. Kisha akapiga kofi moja na binti yake akaleta chungu.

"Tumekula yenu. Sasa mukule yetu."

Mamuzeli alinawa. Aliunguza vidole, alidondosha sombe kwenye gauni, alikula. Mimi nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Siku mbili zilizofuata Mamuzeli alishinda chooni, na nilimsikia akiita majina ya watakatifu wote wa kwao. Siku ya tatu alitoka, rangi kama nta, akakuta wanawake wamekaa chini ya ukingo wa paa, wanangoja.

"Amepona?" wakaniuliza.

"Amepona."

"Basi tuanze, tuna pamba inatungoja."

Toka siku hiyo hatukufunga mlango. Walikuja Waislamu na Wakristo, na wengine wasio na dini inayojulikana. Mamuzeli alijifunza kutwanga, akitwanga vibaya. Mimi nilifika ukurasa wa kumi na mbili wa kitabu cha kusoma.

Mwezi wa tatu ulipoisha Mkubwa akafika, katika kipoyi, saa sita. Alikuta uwanja umejaa. Alifurahi, sitamsingizia. Alipita kati ya wanawake anaitikia kwa kichwa, akasoma majina waliyoyaandika mchangani. Mama Zaina akamletea chungu kwa mikono yake miwili, amepiga goti. Mkubwa akasema asante, akawapa wabebaji wake. Akaingia katika nyumba yetu, akaketi, mpishi wake akamfungulia mkebe, kisha Mkubwa akavuta mlango na kuufunga.

Mwanamke mmoja aliinuka, akamfunga mtoto mgongoni. Akafuata wa pili. Wengine wakakusanya vikwembe vyao.

"Zaina!" Mama Zaina akamwita binti yake. "Njoo hapa karibu yangu."

Mamuzeli akaenda mlangoni, akasema kwa lugha yao. Sauti ikamjibu toka ndani. Akarudi uso mwekundu.

"Anasema kuna inzi."

Nilichukua panga la kuni. Nikakata kamba ya juu, nikakata ya chini, nikaubeba ule mlango kichwani mpaka katikati ya uwanja, nikautupa chini, nikaukalia.

Mle ndani Mkubwa alikuwa na kijiko mdomoni, kitambaa cheupe kifuani. Kijiji kizima kilimwona.

"Ni maharagwe!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Anajifungia juu ya maharagwe!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wale waliokwisha ondoka wakarudi kuangalia. Mkubwa peke yake hakucheka.

Aliketi kutuhukumu kabla jua halijapinda. Akasema kituo kimefungwa. Wanawake wapo, amewaona, lakini heshima haipo.

"Uliahidi," Mamuzeli akamwambia.

"Sikuahidi fujo."

Akanigeukia. Nipige magoti, niombe radhi, tuondoke sote kesho.

"Kwa kosa gani, Bwana?" nikauliza. "Mulango inatengenezwa. Watu wakikukimbia, hawarudi."

"Basi karatasi yako ya njia naichukua. Bila karatasi, watakukamata kama mzururaji."

Nilimpa. Hapo Mama Zaina akasogea, mikono kiunoni.

"Mutoto anaulizwa karatasi kwa mama yake? Huyu ni wangu. Nani atamukamata?"

Chifu alikuwa amekaa pembeni na tasbihi yake. Mkubwa akamtazama, anangoja. Chifu akahesabu shanga kadhaa, akasema:

"Mama Zaina amesema."

Asubuhi Mamuzeli aliondoka. Hakuwa na ruhusa ya kukaa, na wazungu nao walikuwa na karatasi zao. Aliniachia ubao, chaki na kitabu. Alinikumbatia mbele ya Mkubwa, kwa makusudi. Sikumwona tena.

Nilibaki kwa Mwinyi Kasemba msimu mzima. Nilifundisha mpaka ukurasa wa kumi na mbili, maana hapo ndipo nilipojua. Ukurasa wa kumi na tatu tuliufungua sote pamoja, vichwa vimegongana juu ya kitabu, tunabishana. Siku nyingine neno moja lilitumalizia mchana mzima. Chaki ikaisha, tukatumia muhogo mkavu. Safari hii sikuuchukia.

Pamba ilipovunwa, watu wa chifu waliipeleka Lusangi kwa kichwa, nami nikaona ni wakati wa kwenda kumwona mama yangu mzazi. Nilibeba kitunga cha pamba kama wengine. Polisi wawili tulikutana nao kabla ya Kabambare, na mmoja karibu na Lusangi. Walitazama pamba, wakatuambia tuharakishe. Karatasi hawakuuliza. Toka Lusangi nilipanda kamio iliyobeba pamba hiyo hiyo, nikaingia Kasongo na nyuzi nyeupe katika nywele.

Nilikwenda misheni kabla ya kwenda nyumbani. Nikakuta wamefungua darasa la wasichana. Kweli, viti na madirisha! Nilisimama mlangoni nikitamani mpaka meno yakaniuma. Mkubwa akanikuta hapo.

"Kiti chako kipo, Feza. Jumapili utasimama mbele ya kanisa, uombe radhi kwa uliyoyafanya kule."

"Nisikilize kwanza," nikamwambia. Nikachukua kitabu toka mezani, nikamsomea ukurasa mmoja, polepole, nikijikwaa mara mbili.

"Mamuzeli alikufikisha hapo?"

"Mamuzeli alinifikisha katikati. Palipobaki tulifika na wanawake wa kule."

Nadhani mtu mwingine ndani yake alitaka kunipa kile kiti. Lakini akasema: "Jumapili."

Jumapili nilikwenda kanisani, nikaketi mbele kabisa, nikaimba nyimbo zote. Walipotaja jina langu sikusimama. Wakalitaja mara ya pili. Sikusimama.

Kwa hiyo darasani sikuingia, na mtaniwia radhi kama mwandiko wangu umepinda. Nilichojifunza katika safari ile ni kwamba ukienda kwa watu na neno lako, kula mahali wanapokuona, na ule chao, tumbo litakuuma na litapoa. La pili ni kwamba kusoma hakuna mwenyewe wa kukupa au kukunyima, maadamu mwenzako mmoja anajua.

Wadogo zangu wanne, wasichana, niliwafundisha kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la baba, toka chini walipofikia wao mpaka juu nilipofikia mimi. Baba alirudi shambani, akauona ukuta umekuwa mweusi, akauliza nani atausafisha.

"Hakuna," nikamwambia.

Akaweka jembe chini, akasogea karibu, akaniuliza jina lake ni lipi hapo.