Wimbo Uliokatika Upande wa Pili

Binamu yangu anasoma huko Gihosha, ana simu nzuri, na kwa mambo ya muziki anajiona hakimu. Asubuhi ya kutoa kilio cha Papa, baba yangu, alinikuta sebuleni napangusa kaseti kwa ncha ya kitenge, akacheka.

"Iyi ni rock ya bazee. Wakati yake ilipita. Utaona, watu batakimbia na fanta zao mukononi."

Niliendelea kupangusa. Maneno yangu huja watu wakishaondoka, ndiyo maana ninaandika. Ningeweza, ningemwambia kwamba nimeingoja kaseti ile mwaka mzima, na kwamba siingojei kwa ajili ya muziki.

Papa alikufa mwaka jana, figo. Siku alipozidiwa, mjini hakukuwa na mafuta, na gari la jirani yetu hapa Gasenyi lilikuwa limelala kwenye foleni ya pompe ya petroli. Alipelekwa hospitali Kamenge juu ya baiskeli ya muuza makaa, kaka yangu akimshikilia mgongoni asianguke. Alifika bado anapumua. Hakurudi.

Kwetu, nyumba ikiwa na kilio, redio haifunguliwi. Mwaka ukiisha ndugu wanakusanyika, hotuba zinasemwa, kinywaji kinagawanywa, kisha mkubwa wa familia anatangaza kwamba huzuni imekwisha. Kuanzia hapo muziki unarudi. Kulia ndiko kunakatazwa. Tanti, dada yake Papa, anasema ukilia baada ya kilio kutolewa unakiita kifo kirudi kwa mlango uleule.

Mimi sikuwa nimelia. Si makaburini, si baadaye. Wenzangu walijigaragaza, mimi nilibeba viti. Tanti aliniambia mbele ya watu: "We mutoto, roho yako balichonga mu jiwe?" Nikaanza kuamini kwamba machozi yangu yamefungiwa ndani ya kaseti ile, na siku nitakayoisikia yatatoka. Yasipotoka, basi Tanti amesema kweli.

Rafiki wa Papa alimrekodia hiyo albamu kwenye kaseti wakati wa vita, Papa akiwa kijana Kamenge. Ni vijana wa Amerika, nywele chafu, mashati ya miraba, wanapiga gitaa kama watu wanaovunja mlango. Risasi zikianza, Papa aliongeza sauti. Alituambia kelele uliyochagua mwenyewe ni afadhali kuliko ile uliyochaguliwa. Kiingereza hakujua hata kidogo. Aliimba matamshi ya kwake, na sisi tukayashika hivyohivyo.

Kaseti ilikuwa fupi kuliko albamu. Upande wa pili, wimbo wa mwisho unakatika katikati ya neno. Tak! Papa naye alikatika hapohapo, mdomo wazi, mkono juu, nasi wote pamoja naye, hata Mama jikoni na mwiko wake. Kisha tulicheka. Kwetu wimbo ulikuwa hivyo.

Basi siku ya kutoa kilio Tonton, kaka mkubwa wa Papa, akasimama chini ya hema, akasema alichosema, akamaliza: "Huzuni imekwisha. Munywe, muishi." Watu wakapiga makofi. Nikaenda kwenye redio, nikaweka kaseti, nikabonyeza.

Nitasema ukweli kuhusu albamu yenyewe. Upande wa kwanza umechakaa. Ngoma zinasikika kama zinapigwa nyumba ya tatu, na yule mwimbaji analalamika sana. Nilipokuwa mdogo nilidhani anapigana na kitu kikubwa. Sasa nilimsikia kama mtu aliyechoka kukaa chumbani kwake mvua ikinyesha, nikamwonea wivu kwa chumba hicho. Nyimbo mbili bado zinauma: zinaanza polepole kama mtu anayeogopa kuomba kitu, halafu zinaanguka juu yako kama mabati. Wageni walivumilia. Mzee mmoja akauliza, "Uyu banamupiga?" Watu wakacheka.

Mimi sikulia. Nilijikagua ndani kama mtu anayepapasa mfuko. Hakuna kitu.

Nikageuza kaseti. Kabla ya wimbo wa mwisho umeme ukakatika.

"Si nilisema wakati yake ilipita?" binamu akasema. "Ngoja, iko mu simu. Yote."

Akaweka simu ndani ya bakuli la bati ili isikike. Ikawa safi kuliko nilivyowahi kuisikia. Kaka yangu akaanza kuimba maneno ya Papa, nami nikafuata, kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi. Mama akafika mlangoni akiimba. Tukakaribia lile neno, na pale pale, tak, sote watatu tukanyamaza, midomo wazi.

Wimbo haukunyamaza. Ulimaliza neno lake, ukaendelea. Gitaa likaingia, sehemu nyingine kabisa, ambayo Papa hakuwahi kuisikia maishani mwake. Iliendelea tu, kama hakuna mtu aliyebaki nyuma.

"Zima," Mama akasema.

"Lakini haiyaisha," binamu akasema.

"Nimesema zima!"

Mimi nilikuwa nimeshaanza. Kwanza nilidhani ni kikohozi. Tanti akanishika mkono, vidole vikiingia nyamani. "Apana! Sasa ndiyo unalia? Kilio tumeshatoa! Unataka kuita nani?" Akanisukuma nyuma ya nyumba kabla wageni hawajaona. Nililia nimeinamia pipa tupu la maji, kitenge mdomoni, na upande wa mbele nikasikia binamu akiweka muziki mwingine, wa sasa, na viti vikisogezwa watu wacheze.

Tangu siku ile Tanti hana amani. Mtu akikohoa hapa nyumbani, yeye ananitazama mimi.

Jumapili binamu aliniuliza kama bado naona ile albamu ina nguvu. Nikamwambia ndiyo, mpaka pale inapokatika. Akataka kunitumia yote kwenye simu ya kaka. Nilikataa.