Msalaba wa Makaa

Wakati wa vita, mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, nilikaa kwa mwalimu wa biolojia ambaye watu wa kabila lake walikuwa wanawindwa. Shule zilikuwa zimefungwa, basi akanifundisha mimi niliyeacha shule mapema. Alisema protini inayotakiwa kuvunjwa ndani ya seli hubandikwa mnyororo wa alama ndogo ziitwazo ubikwitini.

"Na nani anazitoa, Prof?"

"Iko anzime, ni kama vikataji vidogo ndani ya seli. Moja inajua kukata kiungo hiki cha mnyororo, ingine kile. Zikikata muzuri, alama zote zinatoka, protini inapona."

Asubuhi moja tulikuta msalaba wa makaa kwenye ukuta wetu. Nyumba zilizochorwa hivyo mtaa wa pili zilikuwa zimechomwa na wanamgambo. Nikachukua maji na brashi, nikasugua mstari kwa mstari mpaka makaa yakaisha, kisha nikarudi nyuma kutazama. Ukuta wote ulikuwa mwekundu kwa vumbi, isipokuwa pale niliposugua: msalaba mweupe, unaoonekana tangu barabarani.

Mwalimu akatoka, akautazama.

"Weye si anzime, mudogo. Alama haikutoka; umewaandikia upya."

Tukaanza kuosha ukuta wote. Hatukuwa tumefika nusu, filimbi za wanamgambo zikaanza kulia upande wa soko.