Betri za Kuanika

Watu walisema sitawahi kumiliki hata redio. Leo nina diploma, nimerudi kutoka ng'ambo, na televisheni yangu ni kubwa kuliko kitanda. Timu ya taifa inacheza. Naitazama peke yangu.

Nikifungua rimoti, harufu ya betri inanirudisha Nakuru, kwenye mahema tulikokimbilia tulipochomewa nyumba. Timu ilikuwa imeanza kushinda. Nilikopa betri za tochi hema kwa hema, nikazianika juani zipate nguvu, watu wakaizunguka redio ya baba.

"Utanilipa lini, boss?" mama wa hema jirani alinitania.

"Nikitajirika, mathe."

Bao lilipoingia, alininyanyua juu.

Mwezi uliopita nilimpelekea katoni ya betri mpya kule kwenye mahema. Nilikuta nyasi tu, na jina lake sikuwahi kumuuliza.