Geji Inayosema Nusu

Saa sita mchana, nje theluji imefika magotini. Rosaire Ouellette ameingia kwa mlango wa nyuma katika chumba cha chini cha nyumba ya Ozite Pelletier, bibi wa miaka 83 anayeishi peke yake huku kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani. Rosaire anapiga magoti mbele ya tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto. Geji, kipimo cha mafuta kilicho juu ya tangi, inasema nusu.

"Si nilikwambia kwenye simu ni nusu?" Ozite anafoka kutoka juu ya ngazi. "Kazi yako kupekua nyumba za watu!"

"Wiki tatu zilizopita ilisema nusu vilevile, mama. Tangi lako linazaa?"

Anafungua kifuniko, anatumbukiza ufito mpaka chini, anauchomoa. Umelowa vidole viwili tu. Boya la geji limekwama, hajui tangu lini.

Rosaire ana miaka 58. Kwa miaka 31 ameendesha gari la kusambaza mafuta, na leo analipwa dola 24 kwa saa. Utaratibu wa kampuni ni kupiga simu kwanza. Mwenye nyumba akisema nusu, gari linapita.

Ndivyo alivyompita Léonide Daigle, mkata magogo mstaafu aliyekulia pamoja naye, miaka sita iliyopita.

"Nilimwambia, 'Haya, tuonane wiki ijayo,'" anasema, macho sakafuni. "Siku ya nne nikamkuta kitandani amekufa kwa baridi, kavaa koti na buti. Tangi kavu kabisa. Geji, nusu."

Hakuna aliyemlaumu. Anajilaumu mwenyewe, na jambo hilo limemkaa rohoni mpaka leo. Tangu hapo hushuka chumba cha chini cha kila nyumba na ufito wake, achelewe asichelewe.

Sasa amepewa barua. Kuanzia Februari, dereva haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba ya mteja.

"Wanasema napoteza muda. Loo! Muda!"

Amepanga kustaafu theluji ikiyeyuka. Msimu wa baridi ujao atazunguka na gari lake mwenyewe, bila malipo, kupima matangi ya wazee arobaini wanaoishi peke yao. Mkewe anasema amerukwa na akili. Kinachomnyima raha ni Februari na Machi za mwaka huu, atakapokuwa bado kazini lakini haruhusiwi kuingia, maana hapa kwetu mtu hakiri kwamba mafuta yamemwishia hata umchome moto.

Anapanda ngazi hadi jikoni. Ozite amekaa mbele ya oveni ya umeme, mlango wake uko wazi, inawaka.

"Mama, kuanzia sasa nikipiga simu, achana na habari za geji. Niambie kama una baridi."

"Baridi gani? Mimi nimezaliwa hapahapa. Naoka keki."

"Keki iko wapi?"

Ozite anaitazama oveni tupu. Anajikunyata ndani ya shali.

"Tangu Jumanne, Rosaire," anasema. "Tangu Jumanne nina baridi."